Kwa nini karani hodari hapandishwi cheo

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Changamwe, Mombasa, na kwa miaka 9 nimekuwa karani katika kampuni ya kuondoa mizigo bandarini. Makarani tuko saba, lakini entri (maelezo ya mzigo yanayopelekwa forodha) zenye matata zote huletwa mezani kwangu, na hata usiku simu yangu haizimwi. Nafasi ya msimamizi wa makarani imetokea mara mbili, na mara zote mbili nimepitwa. Aliyepewa safari hii ametoka kampuni nyingine, na mpaka leo huja kuniuliza mambo ya mfumo. Likizo sijakwenda kwa miaka 3. Nje ya kazi nina watoto, na ni mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama 22. Je, nirudi chuoni nikasome shahada ya uzamili ya usimamizi, au nihame nikajaribu kwingine?

Msomaji, Changamwe

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimeshika kalamu, kwa sababu naona jibu la swali lako umeliandika mwenyewe bila ya kukusudia, katika ile sentensi ya simu isiyozimwa. Umeuliza kama uende chuo au uhame. Kabla ya hayo mawili liko la tatu, nalo ni kwamba tajiri wako hawezi kukuondoa hapo ulipo. Mwenye kampuni anapofikiria kumpandisha mtu cheo hujiuliza kwanza ni nani atakayekaa pale mtu huyo anapotoka, na kwako wewe kila akijiuliza hapati jina. Nyumba ya makuti ina nguzo nyingi, lakini mhimili ni mmoja. Kila fundi anayeingia huusifu, na hakuna anayethubutu kuugusa. Wenzako watakushauri uongeze bidii. Ukiongeza bidii ya namna ile ile utazidi kuwa mhimili, basi.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Nilikuwa karani mkuu katika ofisi moja maeneo ya Mwembe Tayari, na chini yangu aliletwa kijana aliyetoka chuoni miezi mitatu tu nyuma. Alasiri moja, Idd ikiwa imekaribia na kila mtu akitaka mzigo wake utoke, kijana huyo alikuwa akijaza maelezo ya marobota ya mitumba ya mfanyabiashara wa Kongowea. Katika orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha duniani, nguo zilizokwisha kuvaliwa huingia 6309, na matambara ya nguo huingia 6310. Yeye aliandika 6310. Kwa mtu wa nje ni namba mbili zinazofuatana tu, lakini ofisa wa forodha akiona marobota ya nguo nzima yameandikwa matambara hafikirii kwamba karani amekosea, hufikiria kwamba mwenye mzigo anakwepa ushuru. Nilimwambia kijana, "Sogea." Nikakaa kitini pake, nikafuta, nikaandika, nikapeleka. Dakika mbili hazikufika. Kijana alisimama nyuma yangu ameshika kikombe changu cha chai nilichompa anishikie, hakuuliza kitu, nami sikumwambia kitu.

Miezi michache baadaye nilifiwa, nikaenda Lamu kwa wiki nzima. Mfanyabiashara akawa ni yule yule, marobota ni yale yale, na kijana akaandika 6310. Entri ikasimamishwa, kontena ikaamriwa ifunguliwe na kukaguliwa mpaka robota la mwisho, siku za kuhifadhi mzigo bila malipo zikaisha, na gharama za yadi na za kuchelewesha kontena ya watu zikaanza kuhesabiwa kila kukicha. Niliporudi nilidhani kijana atafukuzwa. Tajiri aliniita mimi, akaniuliza swali moja kwa sauti ya chini: "Huyu amekaa na wewe miezi mingapi?"

Nimelikumbuka swali lile kila nilipopewa watu wa kuwasimamia. Nilikuwa nimesahihisha kosa bila ya kumsahihisha mkosaji, kwa kuwa kusahihisha kosa huchukua dakika mbili na kumfundisha mtu huchukua ishirini, na dakika ishirini siku ya kabla ya Idd huonekana ni wizi wa muda. Tena, tuambiane ukweli, kuulizwa kuna utamu wake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na miaka 9 umekuwa wewe ndiwe kata. Kila swali linaloletwa mezani kwako linakuthibitishia kwamba una thamani, na hivyo bila ya kujijua huna haraka ya kuwafanya wenzako waache kuuliza.

Sasa nije kwa huyo bosi mpya anayekuuliza mambo ya mfumo, maana naona amekuuma. Wewe umechukua maswali yake kuwa ushahidi kwamba hafai. Mimi ningekuomba kwa wiki mbili umtazame anafanya nini pale anapokuwa hakuulizi. Je, ndiye anayempigia mteja kumwambia mzigo utachelewa kabla mteja hajapiga mwenyewe? Ndiye anayegawa nani ashughulikie mzigo gani, nani apumzike Ijumaa, nani asiwekwe pamoja na nani? Madereva wa malori wakigoma kupakia saa tatu usiku kwa sababu hawajalipwa, ndiye anayekwenda yadi? Katika jahazi yuko mshika usukani, yuko serahangi anayewasimamia mabaharia, na nahodha huenda asiguse kamba hata moja toka Lamu mpaka Bandari ya Kale. Lakini chombo kikichelewa au mzigo ukilowa, yeye ndiye anayesimama mbele ya mwenye chombo na wenye mali. Usimamizi ni kazi nyingine yenye ujuzi wake wenyewe, na karani anaweza kuwa bingwa wa ukarani kwa miaka 30 asiujue. Huenda bwana huyo hana ujuzi wa aina yoyote ile, sijui. Lakini kutokujua mfumo peke yake si hoja dhidi yake.

Kwa hiyo kazi yako ya miezi mitatu ijayo ni kujifanya uweze kuondoka mezani hapo. Chagua mmoja katika wale sita, mmoja tu, na usimchague yule mwepesi kuliko wote, kwa sababu huyo atahama wakati wowote, mchague anayesikiliza. Mpe aina mbili za entri ambazo leo hakuna anayezigusa ila wewe. Kisha ujiwekee sharti moja gumu: mkono wako usiguse kibodi yake. Akikwama akikujia, usimpe jibu mpaka akuambie kwanza yeye mwenyewe anaona tatizo liko wapi. Wiki ya kwanza utaumwa na kidole kwa hamu ya kumsogeza kama nilivyomsogeza yule kijana wangu. Mwache ajikwae mahali ambapo kujikwaa hakumgharimu mteja, na wewe uwe umesimama hapo karibu.

Pili, fungua daftari. Nasema daftari la karatasi la kukaa mezani pa wote, ingawa likiwa kwenye kompyuta ya ofisi ni sawa pia. Kila tatizo jipya lipewe ukurasa wake: mzigo ulikuwa gani, kilichokwama ni nini, nani aliulizwa, kilichofungua ni kipi. Yasiandikwe majina ya maofisa wala siri za wateja. Utashangaa ukiona kwamba yale uliyodhani ni mambo elfu kumbe ni kama arobaini yanayojirudia. Wako makarani niliowajua waliokariri Simba, mfumo wa zamani wa kompyuta wa forodha, kitufe kwa kitufe, na siku KRA, mamlaka ya mapato, ilipohamia mfumo mpya wa iCMS ujuzi wao ukageuka hadithi ya mazungumzo ya barazani. Waliobaki na thamani ni wale walioweza kueleza kwa nini jambo linafanywa, maana sababu hukaa hata vitufe vikibadilika.

Simu ya usiku nayo iwekewe zamu. Usimwendee bosi wako na malalamiko kwamba umechoka. Mwendee na ratiba iliyokwisha kuandikwa, ya watu watatu kupokezana wiki kwa wiki, wewe ukiwa mmoja wao, na umwombe aijaribu mwezi mmoja. Huo peke yake ni usimamizi, nao haukuhitaji cheo.

Liko jambo la kuwaambia watu maneno wasiyoyapenda, na hapa ndipo makarani wengi wazuri hushindwa wanapopewa ukubwa. Tumelelewa kustahiana, na ustahi wetu wa Pwani ni jambo jema, lakini ukigeuka kunyamazia kosa la mtu kwa miezi sita kisha kumwaga yote siku ya hasira, huo umekwisha kuwa dhuluma. Mwambie mtu kosa lake siku ile ile, faraghani, kwa jambo lenyewe bila ya kugusa tabia yake wala kwao. Na kwa kuwa unataka usimamizi, isome Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 japo vifungu vichache. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na amsikilize kabla ya kuamua. Wasimamizi wengi hukijua kifungu hicho mara ya kwanza wakiwa mahakamani.

Nimeona umekitaja chama chenu cha akina mama 22 kwa maneno machache, kama mtu anayetaja kwamba ana paka. Mwanangu, hapo ndipo uongozi wako ulipo! Mwenyekiti wa chama hana mshahara wa kumkata mtu wala barua ya onyo ya kumwandikia. Anachonacho ni maneno yake na uaminifu wake. Anayechelewesha mchango unamwendea vipi? Wawili wakigombana juu ya zamu ya kupokea, nani huwapatanisha? Naamini kabisa kwamba hukusanyi pesa zote kwa mkono wako, maana yuko mweka hazina, wala huandiki mihtasari, maana yuko katibu. Mbona ofisini unafanya kazi ya mwenyekiti, ya katibu, ya mweka hazina na ya mpika chai? Jiulize ni kitu gani kinachokufanya uwaamini akina mama wa Changamwe kwa pesa zao wenyewe, na usiwaamini makarani sita waliosomea kazi kwa entri moja ya mchele.

Baada ya miezi mitatu hiyo, omba kuonana na tajiri. Usimwombe mwisho wa mwezi, wala siku ambayo meli imefunga gati na wateja wamejaa kwenye ngazi. Usimwulize, "Nimekosa nini hata nikapitwa?" Swali hilo linamweka mtu katika kujitetea, naye atakujibu kwa upole usio na faida: hujakosa kitu, mama, subira tu. Mwulize hivi: "Katika kazi za msimamizi, ni ipi ambayo hujaniona nikiifanya?" Kisha unyamaze. Kimya hicho kitakuwa kirefu, na usikijaze. Akikutajia jambo moja, hata likikuuma, umepata ulichokifuata. Mwombe akupe nafasi ya kulifanya kwa muda maalumu, tuseme kusimamia mizigo yote ya mteja mmoja mkubwa kwa miezi miwili, watu na simu na lawama zake, kisha mkae tena.

Inawezekana pia asikutajie kitu. Katika biashara zetu nyingi cheo ni cha mtoto wa shangazi tangu kabla nafasi haijatangazwa, na ziko ofisi ambazo bado mwenyewe anaamini kwamba mwanamke hawezi kusimama yadi usiku mbele ya madereva. Kifungu cha 5 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi wa jinsia katika kuajiri, kufundisha na kupandisha vyeo, na ni vyema ukijue. Lakini kwa uzoefu wangu, kabla ya kufika huko mtu hutambua mapema: ukiuliza swali hilo mara mbili kwa nafasi ya miezi mitatu, na mara zote mbili ukarudishwa na maneno ya subira, basi hapo hakuna mlango, kuna ukuta uliopakwa rangi ya mlango.

Kuhusu shahada ya uzamili nitasema kwa ufupi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Center for Creative Leadership, taasisi ya Marekani yenye makao yake Greensboro, waliwauliza mameneja waliofanikiwa walijifunzia wapi kuongoza, na majibu yao yakaja kufupishwa kuwa 70, 20 na 10: sehemu kubwa kabisa katika majukumu mazito kazini, kiasi kutoka kwa watu waliofanya nao kazi, na kidogo darasani. Tarakimu zenyewe zimelainishwa mno na zimetokana na watu kujikumbuka, kwa hiyo usizichukue kama kipimo cha mizani. Lakini mwelekeo wake naukubali kwa yale niliyoyaona. Shahada ina mahali pake, hasa ukitaka kuingia katika taasisi za umma ambazo matangazo yao ya kazi huitaja kuwa ni sharti. Kata matangazo kumi ya kazi unazozitamani, uyasome, na uhesabu ni mangapi yanayoidai. Kama ni mawili, anza na kozi fupi ya usimamizi. Kenya School of Government ina kampasi yake hapa Mombasa na huandaa kozi za usimamizi na uongozi, hasa kwa watumishi wa umma; Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor nacho kina masomo ya biashara. Nisilokubaliana nalo ni kwenda chuo kwa uchungu wa kupitwa. Utamaliza miaka miwili na akiba ya watoto, urudi na cheti kwenye meza ile ile, na simu bado inalia usiku.

Kuhama nako si kubaya. Treni za mizigo za SGR, reli mpya ya Mombasa na Nairobi, zilipoanza kazi mwaka 2018 na kontena nyingi zikawa zinapelekwa bohari ya nchi kavu ya Embakasi, Nairobi, ofisi nyingi za hapa zilipunguza watu, mpaka Rais William Ruto alipotangaza, siku ya kuapishwa kwake tarehe 13 Septemba 2022, kwamba uondoaji wa mizigo unarejeshwa Mombasa. Katika miaka ile niliwaona makarani hodari wakikaa nyumbani, na niliwaona wengine, ambao kwa ukarani walikuwa wa kawaida, wakichukuliwa haraka na kampuni za usafirishaji, za maghala, hata za unga. Hao walikuwa wameshasimamia watu na kuzungumza na wateja, na mwajiri mpya alipowauliza walifanya nini, walikuwa na la kusimulia. Ukihama leo, utahama na sifa ya kujua entri, na utawekwa kwenye entri. Ukihama baada ya mwaka mmoja, utahama ukiweza kusema: nilimfundisha fulani mpaka akajitegemea, niliweka zamu ya usiku ikashika, nilisimamia mizigo ya mteja fulani miezi miwili. Maneno hayo yaandike sasa hivi, kila jambo na tarehe yake, maana mtu husahau.

Limebaki suala la likizo. Kifungu cha 28 cha Sheria ile ya Ajira kinakupa siku zisizopungua 21 za kazi zenye malipo kamili kwa kila miezi 12 ya utumishi, na likizo ikigawanywa, sehemu moja iwe angalau wiki mbili za kazi mfululizo, ila kama mmeafikiana vinginevyo. Miaka mitatu bila likizo umeihesabu kuwa ni uaminifu, nami naihesabu kuwa ni woga, na nisamehe kwa kulisema wazi. Mwezi wa nne tangu leo, yule uliyemchagua akiwa ameshazizoea entri zile mbili, omba wiki mbili. Mwachie namba ya simu ya jirani, kwa moto na msiba tu, na yako uizime. Watapata tabu siku ya pili, na siku ya tano pengine kuna mteja atakayepandisha sauti. Ukirudi ofisini, kabla hujafungua kompyuta, mwombe huyo uliyemchagua akuletee lile daftari, na utazame ni kurasa ngapi zimeongezwa kwa mwandiko usiokuwa wako.